Habari za Insha katika Nchi ya Maruku

Msafiri atokaye mjini Bukoba kuelekea kusini, akaliacha ziwa mkono wa kushoto na kupanda vilima vya mawe ambavyo magari ya abiria huvipanda kwa kunung'unika, hufika Maruku kabla hajachoka, na kimpokeacho kwanza ni kivuli: migomba imesimama bega kwa bega, mibuni iko chini yake, na nyasi kavu zimetandazwa ardhini kwa uangalifu wa mtu amtandikiaye mgeni kitanda. Wengi walijuao jina la Maruku hulijua kwa ajili ya kituo cha utafiti wa kilimo, ambacho tangu zama za Waingereza kimekuwa kikichunguza maradhi ya migomba na mibuni. Wengine hulijua kwa majani ya chai. Na wazee hulijua kwa kuwa palikuwa na Mukama wake, yaani mfalme, katika zile himaya za Buhaya zilizohesabiwa pamoja na Kiziba, Ihangiro, Kianja, Karagwe, Bugabo, Missenyi na Kyamtwara. Mimi ninayaandika haya kwa ajili ya zao jingine la nchi hii, ambalo halijapata kuwekwa katika mizani ya chama cha ushirika, nalo ni insha ya mwanafunzi. Nataka kueleza jinsi watoto wa huku walivyofundishwa kuyapanga maneno, kwanza kwa kinywa, kisha kwa kalamu, na jinsi ambavyo katika kuhama huko kiliwapotea kitu ambacho walimu wao wamekuwa wakikitafuta hata leo.

Kabla ya daftari palikuwa na moto. Katika msonge wa Kihaya, usiku, chakula kikiisha kuondolewa na majani ya mgomba yaliyoandaliwa chakula yakiisha kutupwa shambani, mtu mmoja, aghalabu bibi, alianza kutamba ngano. Na ada ya kuanza ilikuwa hii, kwamba mtambaji alitangaza kuwa amekuja akaona, na waliomzunguka, kabla hawajamruhusu kutia neno la pili, walimwitikia kwa kumtaka aone, ili nao wapate kuona. Peter Seitel, Mmarekani aliyekuja kukusanya ngano za Wahaya, alikichukua kiitikio hicho kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1980, na sidhani kama angeweza kuchagua jina lililo bora kuliko hilo. Maneno yenyewe ni mafupi, na mtoto aliyezaliwa humo huyasema bila kuyafikiri, kama mtu aitikiavyo marahaba; walakini ukiyatazama vizuri utayaona kuwa ni mkataba. Mtambaji hakuahidi kufundisha, wala kuonya, wala hata kufurahisha. Aliahidi kuona, na wasikilizaji walijipa haki ya kumdai kile alichokiona. Akisema kwamba msichana alikwenda kisimani, ataulizwa alibeba nini. Akisema kwamba zimwi lilitokea, mtoto wa miaka sita, aliye nusu usingizini, ataamka aulize lilitokea upande gani. Naye mtambaji asiyekuwa na jibu hakuwa na njia ila kulibuni papo hapo, na kulibuni vizuri, kwa maana kesho yake angeulizwa tena na jibu lingetakiwa liwe lile lile.

Hiyo ilikuwa ni shule ya ndani ya nyumba. Ya nje, iliyokuwa kali zaidi, ilikuwa ni kule kwebuga, yaani kujisifu kwa vijana mbele ya Mukama, mkuki mkononi, kwa maneno ya mbio yenye mizani, kila mmoja akitaja mambo yake na ya ukoo wake, naye akijua kwamba miongoni mwa waliokaa hapo wamo walioyaona mambo hayo kwa macho yao, na kwamba uongo usio na ufundi utamrejesha nyumbani akiwa mtu wa kuchekwa. Juu ya hao alikuwapo mpiga enanga, na ala yake ya nyuzi iliyochongwa katika kipande cha gogo, ambaye aliweza kuushika usiku mzima kwa utendi mmoja. Profesa M. M. Mulokozi, mwana wa mkoa huu huu, alizitafiti tendi hizo, pamoja na ule mashuhuri wa Rukiza, akazitungia tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Na mtu aliyepata kuisikia sauti ya marehemu Habibu Selemani, mpiga enanga ambaye jina lake lilivuka mipaka ya Buhaya, hahitaji tasnifu ili kukubali kwamba ufasaha ulikuwapo nchini kabla ya wino. Yote matatu, ngano na kwebuga na enanga, yaliwiana kwa jambo hili moja: mwenye maneno alikuwa uso kwa uso na mwenye kuyangoja.

Maandishi yaliingia kwa milango zaidi ya mmoja. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikuwa na kituo chao Kafuro katika Karagwe, na Mwingereza Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861 njia hiyo ilikuwa imekwisha kukanyagwa na misafara yao; hesabu za pembe na nguo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nazo zilikwenda na mwenyewe Tabora na Unguja, zisimfundishe mtu wa huku herufi hata moja. Emin Pasha akaja kulisimamisha boma la Wajerumani hapo Bukoba mwezi wa Novemba 1890. Lakini waliokuja na kusoma kama jambo linalompasa kila mtu walitoka upande wa kaskazini, Buganda. Mapadre Weupe walifungua misheni Kashozi mwaka 1892. Nao Waprotestanti wa kwanza wa Buhaya, watu kama Andrea Kajerero, walikuwa wamekwisha kukusanyika na kusali wenyewe, wakisoma vitabu vya Kiganda, kabla wamisionari wa Bethel hawajawasili kutoka Ujerumani mwaka 1910. Watu hao waliitwa wasomaji. Mtu hakuulizwa kama anaamini. Aliulizwa kama anasoma, na majirani walielewa kwamba swali ni lile lile.

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu naona kwamba tabia yote iliyofuata ya shule zetu imefichwa katika jambo hili. Mhaya wa kwanza kushika kitabu alikishika katika lugha ya jirani yake, akafundishwa kukisoma kwa sauti, kukihifadhi, na kuyajibu maswali yaliyoandikwa pamoja na majibu yake. Kuandika neno lake mwenyewe hakukuwamo katika mapatano. Kusoma kulikuwa ni kupokea, na aliyepokea vizuri alibatizwa. Kalamu ilikuja nyuma, kwa ajili ya wale wachache waliotakiwa kuwa makarani na makatekista, nao waliitumia kuandika orodha: orodha ya waliolipa kodi, orodha ya waliozaliwa, orodha ya waliofika kanisani na ya wasiofika.

Miongoni mwa makarani hao ndiko alikotoka mtu wa kwanza niwezaye kumwita mwandishi. Francis Xavier Lwamgira wa Kiziba, aliyetumika katika baraza la Mukama Mutahangarwa, na baadaye, Waingereza walipokwisha kuitwaa nchi, akawa katibu wa baraza la Wakama wote wa Bukoba, alizikusanya habari za ufalme wa kwao na kuziandika kwa Kihaya katika kitabu kiitwacho Amakuru ga Kiziba na Abakama Bamu, kilichopigwa chapa mwaka 1949. Neno amakuru, lililo mwanzoni mwa jina hilo, ndilo watu waulizanalo wakutanapo njiani. Ni habari tu. Yeye aliyetumia maisha yake kuandika mihtasari ya baraza kwa ajili ya wakubwa aligeuka akawaandikia watu wa nyumbani habari zao wenyewe, kwa lugha yao, naye alijua kwamba kila ukoo utafungua kurasa ukitafuta jina lake na kumtoa makosa.

Rubya ni habari nyingine. Seminari ile ya Ihangiro, ambayo leo imo katika wilaya ya Muleba, iliyoanza katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 chini ya Askofu Hirth, ilikusanya vijana kutoka pande zote za maziwa, hata Warwanda wa kwanza kupata upadri mwaka 1917 walipitia huko, na Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali katika zama zetu, alikaa katika madawati yake. Lakini mwanafunzi wa Rubya ninayemkumbuka zaidi hakupata daraja lolote la kanisa. Aniceti Kitereza, Mkerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alipelekwa huko mwaka 1909, akakaa takriban miaka kumi akijifunza Kilatini na elimu nyingine zilizofaa mapadri, kisha akarudi Ukerewe kuwa mtu wa kawaida mwenye mke na shamba. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ya mume na mke waliokosa mtoto, Myombekere na Bugonoka, na ndani yake aliyatia maisha yote ya kisiwa chake: jinsi watu wanavyoamkiana, jinsi pombe ya ndizi inavyokamuliwa, jinsi mgonjwa anavyopelekwa kwa mganga, nani hukaa wapi mkwe akiingia nyumbani. Msomaji mwenye haraka hulalamika kwamba hapo hakutokei jambo. Mimi husema kwamba hapo hupita ukurasa mzima mtu mmoja akikokota mtumbwi, na ukifika mwisho wa ukurasa mikono yako inauma.

Kitabu hicho hakikupata mchapaji, kwa sababu wajuao kusoma Kikerewe walikuwa wachache mno kumlipa mtu gharama za wino. Mwandishi akangoja. Alipokwisha kuzeeka akakaa tena kitako, akakiandika upya chote kwa Kiswahili, naye ni mgonjwa wa viungo. Na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya nukta ya mwisho ya Kikerewe. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mikononi. Kila nikipita njia ya Rubya huwaza juu ya miaka hiyo 35, na juu ya mtu aliyeandika kana kwamba bado amezungukwa na watoto wanaomdai aone, ilhali nyumba ilikuwa tupu na moto umezimika.

Turudi shuleni. Bukoba ilitwaliwa na Waingereza mwaka 1916, na vita vilipokwisha serikali mpya ikaikubali ile njia ya Wajerumani ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya shule na ya ofisi. Kwa mtoto wa Maruku jambo hilo lilikuwa na uzito wake, maana Kihaya kilikuwa cha nyumbani, Kiganda kilikuwa kimeshika vitabu vya dini, na sasa Kiswahili kilikuja kuwa cha daftari. Mimi nimepata kuwajua wazee waliokuwa wakisali kwa lugha ya kwanza, wakiimba kwa ya pili, na kudai madeni kwa ya tatu, wasichanganye kamwe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Vitabu vilisawazishwa, tahajia ikasawazishwa, na pamoja nayo, bila mtu kukusudia, zikasawazishwa insha. Mwanafunzi aliandika kwanza katika kibao cha mawe, ambacho kilifutwa kwa mate na kiwiko wakati mwalimu hatazami. Kisha, akiwa amefuzu, akapewa daftari la mistari, akaonywa kwamba karatasi haifutiki. Alikuwa na somo la khati, akafuata imla, na mwishoni mwa juma insha: mwanzo, kati na mwisho, ukurasa mmoja, bila kuvuka pambizo. Msomaji wa insha hiyo alikuwa ni mtu mmoja tu duniani, naye alikuwa na kalamu nyekundu.

Hata hivyo palikuwa na dirisha. Idara ya Elimu ilikuwa imeanzisha gazeti la Mambo Leo mjini Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923, lililotoka kila mwezi, na humo kulikuwa na nafasi ya habari za miji na barua na mashairi ya wasomaji wa kila pembe, Shaaban Robert akiwa miongoni mwa waliochapiwa tungo zao. Wenzetu wa leo, waliozoea maneno yanayofika kabla hata hayajafikiriwa, hawawezi kukisia ilikuwaje kwa mwalimu wa shule ya kijiji kuandika ukurasa mmoja kwa taa ya kibatari, kuupeleka posta ya Bukoba kwa miguu, kungoja meli ivuke ziwa na treni ipite Tabora, na baada ya miezi miwili kufungua gazeti na kulikuta jina lake limepigwa chapa, na chini yake maneno aliyoyasema mwenyewe. Kamati ya Lugha nayo ilikuwa ikiwaandalia wenyeji mashindano ya kuandika insha, na zawadi zake, japo hazikuwa kubwa, ziliwafanya watu wazima kurudia kuandika jambo moja mara nne. Shaaban Robert akatoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, kitabu ambacho walimu wengi walikiweka karibu na chaki, wakiwaonyesha wanafunzi kwamba insha ni mtu anayefikiri mbele ya watu.

Dirisha la pili halikufunguliwa na serikali, wala halikuipendeza. Watu waliotoka katika shule hizo, wenye khati safi na fedha kidogo za kahawa, waliunda chama cha Bukoba Bahaya Union mwaka 1924, na kalamu zao zikageukia arzuhali. Waliandika juu ya ardhi ya nyarubanja, ambayo mkulima aliilima na mwingine akaimiliki. Waliandika juu ya bei ya kahawa. Na serikali ilipotoa amri za namna ya kuitunza mibuni, amri ambazo watu walizishuku kuwa ni hila ya kuwang'olea mibuni yao, mambo yalichafuka hata kukawa na ghasia mwaka 1937. Mwalimu wa insha atayaona katika maandishi ya namna hiyo yale aliyotamani darasani asiyapate, kwa kuwa mwandishi wa arzuhali hana nafasi ya kupamba. Ana jambo, ana mtu anayetaka alisome, na anajua kwamba akikosea idadi ya mibuni, Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, atakaa juu ya kosa hilo na kuyaacha mengine yote.

Basi na mimi nitoe habari za kosa langu, maana nimesema sana juu ya watu. Katika shule moja ya msingi niliyosoma, ambayo haina haja ya kutajwa, tulikuwa wanafunzi karibu 50 darasani, nasi tulipewa insha ya Safari Nisiyoisahau. Sisi sote tuliandika safari ya treni. Naapa hapakuwa hata mmoja wetu aliyepata kuiona treni. Reli haifiki Bukoba, na wale waliosafiri walisafiri kwa meli hadi Mwanza, wakatapika njia nzima, jambo ambalo lingefaa kabisa kuandikwa. Lakini kitabu cha mfano kilikuwa na insha ya treni, na kwa hiyo tuliamka alfajiri na mapema, ndege wakiimba nyimbo nzuri, jua likichomoza kwa madaha, tukaagana na wazazi kwa machozi, na treni ikapiga honi. Ndege wale wale waliimba katika madaftari 50. Mwalimu alitupa alama nzuri, na mimi nilipata 17 katika 20. Zile tatu zilikatwa kwa ajili ya nukta.

Mwaka uliofuata akaja mwalimu mwingine, mtu mfupi aliyevaa kaptula wakati ambapo walimu wengine walikwisha kuziacha, akayasoma madaftari hayo usiku kucha, na asubuhi hakusema lolote juu ya treni. Alituambia twende nyumbani, tumwangalie mtu akimenya ndizi za chakula cha jioni, na kesho tumwandikie. Tulicheka. Nani asiyejua kumenya ndizi? Mimi niliandika mistari minne: mama alichukua kisu, akamenya ndizi, akaziosha, akazitia chunguni. Mwalimu akanisimamisha nisome mbele ya darasa, kisha, badala ya kunisahihisha, akawageukia wenzangu akawauliza kama wameona. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mmoja aliuliza mama alikaa juu ya nini. Mwingine akauliza kama alianzia kichwani au mkiani mwa ndizi. Msichana aliyekaa dirishani, ambaye siku zote hakuwa na neno, akauliza utomvu ulikwenda wapi. Sikujua. Niliishi na ule utomvu tangu kuzaliwa, nilikuwa nao katika shati, nami sikujua ulikwenda wapi. Jioni ile nikakaa mbele ya mama, daftari magotini, nikaona kwamba kabla ya kugusa ndizi alijipaka mafuta viganjani. Kwamba kisu hakikuchimba bali kilipita juu ya ganda kwa urefu, naye akaliachanisha kwa kidole gumba. Kwamba ndizi iliyomenywa iliangukia katika maji kabla haijaanza kuwa nyeusi. Na kwamba maganda aliyarundika upande wa kushoto, ambako mbuzi alikuwa amekwisha kuinyoosha kamba yake mpaka mwisho. Niliandika kurasa mbili. Mama aliniuliza kama nimetumwa na serikali.

Mwalimu yule hakuwa amesoma Seitel, maana kitabu kilikuwa hakijatoka, na sidhani kama alijua kwamba anafufua ada ya msonge. Alikuwa akikerwa na treni tu. Baadaye alitwaa ubao wa zamani, akautundika chini ya upenu, akaufanya gazeti la ukutani. Kila Jumatatu insha tatu zilibandikwa hapo kwa uji wa muhogo, na wazazi waliokuja kuchota maji katika bomba la shule walisimama kuzisoma, au kusomewa. Sijapata kuona kitu kilichosahihisha tahajia upesi kama ule ubao. Mwanafunzi aliyeandika kwamba baba wa fulani alilewa rubisi akaangukia mtaroni alilazimika Jumatano kuandika maelezo ya ziada.

Siku zile hazikuwa za shule yetu peke yake. Kiswahili kilikwisha kufanywa lugha ya masomo yote ya shule za msingi nchini mwaka 1967. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi kabla ya kuitwa Kagera, ulikuwa umetiwa pamoja na Mwanza, Mara na Shinyanga katika majaribio ya UNESCO ya kuwafundisha wazee kusoma kwa njia ya kazi zao, hata pakaandikwa vitabu vya kwanza vya kusomea vya pamba, vya uvuvi, na vya migomba. Nchi nzima, waliojua kusoma na kuandika walikuwa 33 katika kila watu wazima 100 mwaka 1967, wakafika 61 mwaka 1975. Mwaka 1974 likaanzishwa Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili watu hao wapya wa kusoma wasije wakasahau. Na baadhi yao, baada ya kusoma jinsi ya kupanda mgomba, walichukua kalamu kulijibu gazeti kwamba huku kwetu hatupandi hivyo. Ninawaheshimu sana hao. Walikuwa na miaka 60, mikono yao ilikuwa imezoea mundu, nao walikuwa na neno la kumpinga mtaalamu.

Yaliyofuata yanajulikana na sitayarefusha. Shule ziliongezeka kuliko walimu, na mtihani wa darasa la saba ukawa mwingi wa maswali ya kuchagua herufi, ambayo mtu aweza kuyajibu miaka saba bila kutunga sentensi yake. Hata hivyo madirisha hayakufungwa yote. Jarida la Femina, lililoanza mwaka 1999 na baadaye likaitwa Fema, liliingia katika shule za sekondari likifuatana na klabu zake, nalo lilipokea barua za wanafunzi juu ya mambo ambayo katika mkoa huu, ambako UKIMWI ulijulikana nchini kwa mara ya kwanza katika mwaka 1983, yalikuwa ni ya kufa na kupona. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo huendesha mashindano ya insha kwa wanafunzi wa sekondari wa nchi wanachama. Mada zake ni za utangamano na biashara ya mipakani, na ninajua walimu wanaozilaumu kwamba ni kubwa mno kwa mtoto. Lakini mtoto wa Kagera, aliyeona ndizi za shangazi yake zikivuka Mutukula kwenda Uganda kwa baiskeli, ana la kusema juu ya biashara ya mipakani kuliko wengi waliovaa tai, ikiwa tu hakupewa kwanza kitabu cha mfano chenye treni.

Mwezi wa Desemba uliopita nilikuwa Maruku, wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, usiku ambapo watu huwasha taa kali na kutandaza mabati, na asubuhi kila ua una wanawake na watoto wanaonyofoa mabawa. Mwenyeji wangu alikwisha kunipa kahawa ya kutafuna, nasi tulikuwa tumekaa barazani. Mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili, alikuwa na insha ya kupeleka shuleni likizo ikiisha, na kwa kuwa bibi yake hajui kusoma, alimsomea kwa sauti huku bibi akiendelea na ungo wake. Alisoma kwamba usiku wa jana walikamata senene wengi sana.

"Wa rangi gani?" akauliza bibi, bila kuinua macho.

"Wa kijani, Bibi."

"Wote?"

Msichana akautazama ungo. Akasema kwamba wapo na wa kahawia.

"Na hao wengi ni wangapi? Sisi zamani tulikamata tu, hatukula. Waliokula ni wanaume. Lakini kuhesabu tulihesabu. Walijaza nini?"

Msichana alikaa kimya, akamgusa senene mmoja wa kahawia kwa ncha ya kalamu, akamgeuza upande wa pili. Kisha akalilaza daftari juu ya goti, akakata maneno mawili, wengi sana, na kuanza kuandika juu yake kwa herufi ndogo, maana nafasi haikuwa kubwa.